Gitaa Nililolikata Kichwa

Baba alinisifu kwa kupiga gitaa siku ambayo gitaa langu halikutoa sauti hata moja. Ilikuwa Jumapili, kanisani kwetu mjini Kasese. Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa pili, na jenereta la kanisa lilikuwa bovu tangu juma lililotangulia, kwa hiyo kwaya ikaendelea kwa ngoma na makofi tu. Mimi nilibaki mbele ya watu nimevaa gitaa la umeme ambalo wakati huo lilikuwa na faida sawa na ubao wa kukatia mboga. Niliona haya kushuka. Basi nikaendelea kuchezesha vidole, ilimradi nionekane nina kazi. Tulipotoka nje Baba akanishika bega.

"Leo gitaa ilitoka vizuri kabisa, mama," akasema. "Hata ile mwisho."

Kwetu baba humwita binti yake mama, hasa akiwa amefurahi. Nilicheka, nikidhani ananitania. Kisha nikamtazama usoni, nikaona hakuna utani pale.

Ndivyo nilivyojua kwamba baba yangu hanisikii. Nilikuwa napiga gitaa tangu kidato cha pili, na kila Jumapili alikuwa na neno zuri la kuniambia. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nahesabu zile sifa kichwani na kuzifuta mojamoja. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua, na siku ile nilikasirika kwa sababu niliona nimedanganywa miaka yote. Jioni hasira ikaisha. Nilichobaki nacho kilikuwa woga.

Baba alitoka magharibi mwa Kenya akiwa kijana, akaja huku kama fundi mitambo, akafanya kazi kiwanda cha saruji mpaka akastaafu. Mama ni mtu wa Maliba, wa familia ya wakulima. Baba hakuwahi kukijua Kikonzo, lugha ya kwao Mama, sawasawa, Mama naye lugha ya mumewe ilimshinda, kwa hiyo nyumbani kwetu tulipendana na kugombana kwa Kiswahili. Upande wa Baba masikio hufunga mapema. Babu naye alikuwa hivyohivyo. Lakini jambo hilo halikutamkwa. Ukimwuliza Baba "umesikia?", ni kama umemtukana. Alijifunza kutazama midomo ya watu, akacheka wenzake walipocheka, na akasifu kila kilichostahili kusifiwa na kisichostahili.

Kumbe mtu huyu zamani masikio ndiyo yalikuwa yakimlisha. Kazini alikuwa na bisibisi moja ndefu. Ncha yake aliigusisha kwenye mashine inayozunguka, mpini akauweka kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Baada ya dakika moja angekwambia ni beringi ipi itakufa na itakufa lini. Wenzake walimwita daktari. Alipostaafu alirudi nyumbani na ile bisibisi, akaitundika kwenye msumari chumbani kwake, ingawa nyumbani hatukuwa na mashine yoyote ya kusikiliza, labda kuku wa Mama.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka Baba anisikie, walau mara moja, kabla masikio yale hayajafunga moja kwa moja.

Nilianza na njia ya kijinga kuliko zote, nikaongeza sauti ya spika. Mzee mmoja wa kanisa akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama Mungu wangu anakaa mbali. Nikaipunguza. Ndipo nikaanza kumfikiria yule mpiga gitaa wa kwenye CD.

Hapa lazima nieleze. Kila mtu hujifunza gitaa kwa mtu fulani, na sisi wapigaji wa Kasese, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili na kumi, wote tulijifunza kwa mzee mmoja wa kwaya kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo. Hatukuwahi kumwona ana kwa ana. Tulikuwa na video yake tu, na wote tuliinunua kwa mtu mmoja, mwuza CD wa Bwera aliyekuwa na kibanda kando ya barabara iendayo mpakani. Siku ya soko usingeweza kupita pale bila kusikia kwaya ile. Mzee alivaa shati la maua, alisimama kama anasubiri kuhudumiwa dukani, na vidole vyake vilikuwa vinafanya mambo ambayo mpaka leo siyawezi yote.

Gitaa lake halikuwa na kichwa. Namaanisha ile sehemu ya mwisho wa shingo, penye funguo sita za kukazia nyuzi. Shingo ya gitaa lake ilifika pale, ikakoma, hakuna kitu. Jambo hili lilitunyima usingizi. Mpiga besi wetu alisema kichwa kilivunjika kwenye lori, mzee akaona sauti imezidi utamu, akakiacha. Mwingine wa Kitswamba, ambaye hana dogo, alituambia kichwa cha gitaa hula sauti: sauti inapanda shingoni, inafika pale kwenye mbao na vyuma, inapotea. Ukikikata, sauti yote inabaki mwilini na kutoka mbele ilivyo. Alisema kwa uhakika mkubwa, na mimi nikaamini, maana nilikuwa nahitaji kuamini. Sauti iliyopotea kichwani, nikajiambia, huenda ndiyo ile Baba anayoikosa.

Halafu kulikuwa na jambo lingine. Baba alimpenda mzee yule. Nikiweka ile CD alisogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa televisheni, akatazama vile vidole kwa macho yale ya fundi. "Huyu anafanya kazi," alikuwa akisema. Hakuwahi kunitazama mimi hivyo. Mimi alinitazama kama mtoto wake, na hilo si jambo baya, lakini nilikuwa na wivu.

Nikapiga moyo konde. Nilibeba gitaa langu mpaka Kinyamaseke, kwa seremala anayetengeneza vitanda na mabenchi ya kanisa, mtu asiyenijua, asiyeweza kupeleka habari nyumbani. Nikamwonyesha kwa kidole pa kukata. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, nikamjibu vibaya, akachukua msumeno. Hata dakika mbili hazikuisha.

Nilishika njia ya kurudi, gitaa mkono mmoja, kichwa chake mkono wa pili na funguo zake sita, nyuzi zimelegea zinaburuza vumbi. Nilikuwa nimetembea kipande kizuri cha barabara, jua la Kasese likinichoma utosini, ndipo akili iliponirudi. Sasa nyuzi nitazifunga wapi? Nilikuwa nimeitazama video ile mara nisizoweza kuhesabu, na hata siku moja sikujiuliza mzee anazifunga wapi nyuzi zake. Nilisimama pale barabarani nikajitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Gitaa nikalisukuma chini ya kitanda. Jumapili mbili nilidanganya kwaya kwamba nimeteguka mkono. Juma la tatu Mama, akitafuta ungo wake, akalivuta nje, na Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Hii nani alikata?" akauliza.

"Mimi."

Hakusikia. Ikabidi nirudie nikimtazama, na safari hii aliona midomo yangu. Nilisubiri radi. Gitaa lile alininunulia yeye mwenyewe, alipokuwa bado kazini. Baba akalichukua, akapitisha kidole gumba pale palipokatwa.

"Msumeno haikuwa kali," akasema.

Akaniambia nimwekee ile CD, akasogeza kiti kama kawaida yake, akaitazama kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupepesa. Kisha akageuka. "Kama yule anafunga nyuzi yake huku chini kwa mwili, na mtu haoni, sisi tunashindwa na nini?"

Alikuwa na mwaka mmoja nyumbani tangu astaafu, na ulikuwa mwaka mgumu. Alikuwa anagombana na kuku, anarekebisha bawaba za milango isiyo na tatizo, anamfuata Mama jikoni kumwonyesha namna bora ya kupanga sufuria. Sasa akapata kazi. Alifunga jiliwa kwenye meza ya zamani nje, chini ya mparachichi, akaanza kukata chuma. Kwenye mwisho wa shingo aliweka kibati kinene chenye skrubu sita ndogo za kubana nyuzi. Upande wa chini, mwilini, akachonga vipande sita vya chuma, kila kimoja kinavutwa na bolti yake. Ukikaza bolti kwa spana ndogo, uzi unapanda, ukilegeza, unashuka. Ukisimulia unaona ni rahisi. Tulikata nyuzi nyingi kabla haijawa rahisi, na mara moja uzi uliruka ukanichapa shavuni, naye akanikemea mimi badala ya uzi.

Nasema bila kuficha, majuma matatu ya kazi ile yalikuwa mazuri kuliko mengi niliyoishi. Nilikuwa namshikia vyuma, yeye anapiga tupa, hatuzungumzi. Kazi ya fundi haihitaji masikio sana, na pale chini ya mti hakuwa na haja ya kujifanya anasikia. Mama alituletea chai akasema sasa ana wendawazimu wawili ndani ya boma moja. Mwisho kabisa Baba alichukua kile kigutu cha shingo, ubao mfupi uliobaki mbele ya kibati, akakisugua kwa msasa siku nzima mpaka kikawa laini kama mwiko wa zamani. Nilimwambia hakuna atakayekigusa. Aliendelea kusugua.

Tulipounganisha spika, nikapiga. Sauti ilikuwa ileile. Haikuongezeka hata kidogo, yule jamaa wa Kitswamba alikuwa ametuuzia maneno matupu. Baba alinitazama vidole, akatabasamu, akasema, "Inatoka vizuri." Nikashukuru, nikainamia spana nikijifanya nakaza kitu, maana machozi yalikuwa karibu.

Kanisani walituchokoza vya kutosha. Mzee wa kanisa aliyenionya juu ya spika aliniuliza kama fundi wangu atarudi kumalizia. Nilipotoa spana mbele ya madhabahu kukaza uzi, sopranu wote wakacheka, na tangu siku hiyo nikawa fundi baiskeli. Jumapili moja nilisahau spana nyumbani, nikapiga ibada nzima uzi wa kwanza ukiwa umechukia nyuzi wenzake. Hata hivyo nilikuwa natembea kifua mbele. Hakuna mwingine Kasese aliyekuwa na gitaa kama la mzee wa CD. Na Baba alihamia benchi la mbele, akawa ananitazama vidole kwa yale macho niliyoyaonea wivu. Nusu ya nilichotaka nilikuwa nimeipata, na kuna siku nilijiambia nusu inatosha.

Mwaka uliofuata habari zikaja kwamba kwaya ile ya Kongo itavuka mpaka kwa mkutano wa injili, Bwera, kwenye uwanja wa shule. Baba akavaa koti lake la harusi. Mimi nikabeba gitaa langu kwenye mfuko, nikiwa na mpango niliokuwa nimeufanyia mazoezi hadi maneno: nitamwendea mzee, nitamwonyesha, atajua kwamba mtu fulani huku amemwelewa.

Tulifika mchana, tukala bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, kwa mama mmoja karibu na geti, kisha tukasogea nyuma ya jukwaa walipokuwa wapigaji wakijiandaa. Pale palikuwa na majenereta mawili yakinguruma kiasi kwamba ulihisi mlio miguuni. Mzee alikuwepo. Shati la maua lilikuwepo. Akafungua sanduku lake, akatoa gitaa.

Gitaa lilikuwa na kichwa. Tena kichwa chenyewe kikubwa, kirefu, kina funguo sita zinang'aa, na utepe mwekundu umefungwa kwenye ufunguo wa mwisho kama nywele za mtoto wa shule. Nikamwacha Baba pale, nikaenda kumtafuta mwuza CD, ambaye nilijua hawezi kukosa siku kama ile. Nilimkuta ametandika turubai kando ya uzio. Sikumsalimu. Nikamwuliza kichwa cha gitaa la mzee kiko wapi.

"Dada, usikasirike," akasema, akijifuta uso. "Iko hivi. Ile CD, mutu wa kwanza kuitoa aliandika numero yake ya simu pale pembeni ya picha. Sasa mimi niuze na numero ya mutu mwingine? Nilivuta picha ikuwe kubwa kidogo, numero ikatoka inje."

"Na kichwa?"

"Kichwa nayo ikatoka. Bilikuwa pamoja."

Kichwa kilitoka pamoja na namba ya simu. Wapigaji wa wilaya nzima tulikuwa tumebishana miaka juu ya ukingo wa picha. Nilimtazama mtu yule nikitafuta tusi linalomtosha, sikulipata, nikarudi kwa Baba nimenywea. Nikamweleza polepole, nikimtazama, neno kwa neno. Alifikiri kidogo.

"Kwa hivyo," akasema, "tumetengeneza kitu yenye haikuwako."

Akacheka. Sijui lini mara ya mwisho nilikuwa nimemwona akicheka yeye wa kwanza, bila kusubiri wengine. Mimi nilitaka kurudi nyumbani saa ileile, lakini Baba haoni aibu mbele ya watu wa kazi. Alinivua mfuko begani, akatoa gitaa, akamwendea mzee, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Mzee akalipokea, akaligeuza, akatafuta kichwa juu, akatafuta chini. Alipoziona zile bolti sita alikaa kwenye sanduku lake akainama, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akaacha kucheka, akaanza kutazama vizuri.

"Ni nani alitengeneza hii?" akaniuliza, akinisemea karibu na sikio kwa sababu ya majenereta. Nikamwonyesha Baba, nikamsimulia kwa ufupi habari ya ile CD. "Huyu papa anajua kazi," akasema. "Mupe pole kwa ile CD, lakini huyu anajua kazi." Akaomba spana.

Nyuzi tatu zilikuwa zimelegea njiani. Spika hazikuwa zimeunganishwa, na kwa mlio ule hakuna mtu angesikia uzi mkavu. Mzee hakuhangaika. Aliinua gitaa, akainamisha kichwa, akabana kile kigutu cha shingo kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio lake. Akafumba macho, akagusa uzi, akazungusha spana.

"Kwa yangu funguo zinanichoma," akanielezea, "basi ninaumaga pembe ya mwili yake na meno, sauti inapita mu mifupa. Hii yako inakaa muzuri."

Alipomaliza uzi wa pili, akaachia hapo, kwa sababu Baba alikuwa amesogea karibu mno.

Nilimwona Baba akitazama. Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe nyuma ya sikio lake, pale mpini wa bisibisi ulipokuwa ukikaa miaka yake yote ya kazi. Alikuwa ameelewa kabla yangu, na nilijua kwa nini anasitasita. Kuomba ni kusema. Miaka yote ile hakuwa amesema, hata kwa Mama. Nilitamani kumsaidia, nikajua nikifungua mdomo nitaharibu.

"Mimi sisikii," Baba akamwambia mgeni. Hakuipandisha sauti, midomo yake ndiyo niliyoisoma. "Masikio yangu imekufa. Naomba nijaribu."

Mzee hakumpa pole. Alinirudishia gitaa, akampisha Baba. Nikavaa mkanda. Baba akavua kofia, akainama, akaishika shingo ya gitaa kwa mkono mmoja na kuuleta mfupa wake kwenye kile kigutu alichokisugua siku nzima. Akafumba macho.

Nikapiga ule wimbo wa CD, kipande kile ambacho alikuwa akisogeza kiti kukitazama. Mwenye wimbo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na uwanja mzima hapakuwa na mtu aliyenisikia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijisikii. Nilipiga mpaka mwisho, nikaacha.

Baba hakunyanyuka. Nikasubiri. Niliogopa maneno mawili tu. Kama angesema "vizuri kabisa," ningejua tumerudi palepale, na sikuwa na njia nyingine iliyobaki.

Akafungua jicho moja.

"Uzi ya tatu iko chini," akasema. "Na pale katikati unakimbia. Nani anakufukuza?"

Nikainua gitaa, nikauweka mfupa wangu mwenyewe pale alipotoka kuuweka wake, nikaugusa uzi wa tatu. Ulikuwa chini kweli. Nikanyoosha mkono kwa mzee, kwa sababu spana alikuwa bado nayo, na Baba alikuwa ameshainama tena, anasubiri nianze upya.